Joseph Whitworth: Fundi wa vipimo aliyeifundisha risasi kufika mbali

MNAMO Julai 2, 1860, Malkia Victoria wa Uingereza alisimama mbele ya umati mkubwa katika uwanja wa Wimbledon, nje ya London, akavuta kamba ya hariri. Kamba hiyo ilikuwa imefungwa kwenye kifyatulio cha bunduki iliyobanwa juu ya kitegemeo cha chuma. Risasi ilitoka, ikasafiri yadi 400, yaani takriban mita 366, na kupiga shabaha chini ya inchi mbili kutoka katikati kabisa.

Hivyo ndivyo yalivyofunguliwa mashindano ya kwanza ya Chama cha Kitaifa cha Bunduki cha Uingereza, kilichoundwa mwaka uliotangulia. Magazeti yalimsifu Malkia. Hata hivyo, sifa za mlio ule zilimstahiki zaidi mtu aliyeitega bunduki hiyo kwa uangalifu kabla ya Malkia kufika. Huyo alikuwa Joseph Whitworth, fundi wa mashine kutoka Manchester, aliyekuwa na umri wa miaka 56.

Whitworth hakuwa mwanajeshi, na wala hakukulia katika kazi ya kutengeneza silaha. Alipoombwa kwa mara ya kwanza kushughulikia bunduki, alikuwa tayari tajiri na mashuhuri kwa kutengeneza mashine za kukerezea, kuchongea na kutobolea chuma. Lakini yeye ndiye aliyejibu kwa vipimo, na si kwa ubishi, swali linalowasumbua wapiga shabaha wa masafa marefu hadi leo: ni risasi ya unene gani, ya urefu gani na ya uzito gani inayofaa kuchaguliwa ili ifike mbali bila kupotoka?

Mwana wa mwalimu

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803, mjini Stockport, kusini mwa Manchester. Babake, Charles Whitworth, alikuwa mwalimu wa shule ambaye baadaye alikuwa mhubiri. Mamake, Sarah, aliaga dunia mwaka wa 1814 wakati kijana huyo alikuwa na umri wa miaka kumi tu, na muda si mrefu akapelekwa katika shule ya bweni karibu na Leeds.

Alipotimu miaka 14 alikabidhiwa mjombake, mmiliki wa kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire. Familia ilitumaini kwamba angejifunza biashara hiyo na hatimaye kuirithi. Badala yake, kijana alivutiwa na mashine zenyewe kuliko faida iliyotokana nazo. Alizichunguza moja baada ya nyingine hadi akaelewa jinsi kila mojawapo ilivyofanya kazi, na akagundua pia jinsi zilivyoundwa ovyo. Gurudumu halikulingana na ekseli yake, na bolti iliyotoka kwenye mashine moja haikuingia katika mashine ya pili.

Karibu mwaka wa 1821 alitoroka. Alikwenda Manchester na kuajiriwa kama fundi wa kawaida katika karakana ya mashine, uamuzi ambao jamaa zake waliuona kuwa hasara kubwa. Mnamo 1825 alimwoa Fanny Ankers, binti wa msimamizi wa mashua za mizigo, na mwaka huo huo wakahamia London.

Huko aliajiriwa na Henry Maudslay, ambaye karakana yake ilikuwa kama chuo kikuu kwa mafundi wa wakati huo. Baadaye alifanya kazi kwa Joseph Clement, fundi aliyekuwa akitengeneza mashine ya hesabu iliyobuniwa na mwanahisabati Charles Babbage.

Siri ya mabamba matatu

Ilikuwa katika miaka hiyo ya London ambapo Whitworth alipata wazo lililoongoza maisha yake yote. Aliamini kwamba kazi yoyote ya chuma huanzia kwenye uso ulionyooka kikamilifu. Fundi asiyekuwa na uso kama huo wa kupimia hana njia ya kujua kama kitu chochote alichokiunda kimenyooka.

Mafundi wa enzi hizo walisugua mabamba mawili ya chuma kwa unga mkali hadi yakalingana. Whitworth alionyesha kasoro ya mbinu hiyo. Bamba moja linaweza kuwa na uvimbe na la pili likawa na kibonde, na bado yakakutana vizuri kama chungu na kifuniko chake. Dawa ilikuwa kutumia mabamba matatu, kuyalinganisha mawili mawili kwa zamu, kupaka rangi ili sehemu zilizoinuka zijionyeshe, na kuzikwangua kidogo kidogo kwa mkono. Mabamba matatu hayawezi kulingana yote kwa pamoja iwapo hata moja halijanyooka.

Fundi mmoja aliyefanya kazi kando yake, aliyesifika kuwa hodari kuliko wenzake kiwandani, hakuamini kuwa jambo hilo lingewezekana hadi alipoona mabamba yenyewe. Whitworth hakuwa wa kwanza kufikiria mbinu hiyo, lakini ndiye aliyeikamilisha na kuieneza. Mnamo 1840 aliieleza hadharani mbele ya wanasayansi waliokutana mjini Glasgow.

Kufikia wakati huo alikuwa amerudi Manchester, ambako mnamo 1833 alifungua karakana yake na kujitangaza kuwa mtengenezaji wa zana kutoka London. Biashara ilistawi upesi. Mnamo 1841 alipendekeza kwamba viwanda vyote vya Uingereza vitumie aina moja ya uzi wa skrubu. Alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani, na kuamua kwamba pembe ya uzi iwe digrii 55. Kampuni za reli zilikuwa miongoni mwa wa kwanza kukubali, na kabla ya miaka ishirini kupita, mfumo wake ulikuwa umeenea nchini kote.

Katika maonyesho makuu ya London ya mwaka wa 1851, zana zake ziliwashinda washindani wote. Mashine yake ya kupimia iliweza kutambua tofauti ya sehemu moja kwa milioni ya inchi, katika enzi ambapo mafundi wengi waliona kuwa unene wa unywele ni kipimo cha kutosha.

Ombi la jeshi

Mwaka wa 1854 Uingereza iliingia vitani dhidi ya Urusi katika rasi ya Crimea. Jeshi lilihitaji bunduki nyingi kwa haraka. Bunduki mpya ya Enfield, muundo wa 1853, ilitengenezwa na mafundi wengi wadogo wadogo waliochonga kila kipande kwa mkono, na kipande cha bunduki moja hakikuingia kwenye nyingine. Serikali ilimwendea Whitworth, aliyekuwa amerejea punde kutoka Marekani kuchunguza viwanda vya huko, ikamtaka abuni mashine za kuitengeneza bunduki hiyo kwa wingi.

Jibu lake liliwashangaza wakubwa wa jeshi. Whitworth alikataa kubuni mashine za kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ndicho bora. Aliuliza ni kwa nini tundu la mtutu lilikuwa na kipenyo cha inchi 0.577, karibu milimita 15, wala si zaidi au pungufu. Aliuliza pia kwa nini mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi ilipiga mzunguko mmoja kamili kwa kila inchi 78. Alipata majibu ya desturi, lakini hakupata majibu ya vipimo.

Hivyo basi alitaka kwanza afanye majaribio. Serikali ilikubali kugharamia ujenzi wa jumba refu la kufyatulia risasi katika uwanja wa makazi yake, The Firs, eneo la Fallowfield, Manchester. Jumba hilo lilikuwa na urefu wa yadi 500, yaani zaidi ya mita 450, na liliezekwa ili upepo usivuruge matokeo. Muda mfupi baada ya kukamilika, dhoruba kali ililibomoa. Lilijengwa upya, na majaribio yakaanza mwezi Machi 1855.

Namna ya kuichagua risasi

Ndani ya jumba hilo Whitworth alitundika mapazia ya karatasi nyembamba, moja baada ya jingine, kuanzia penye bunduki hadi penye shabaha. Risasi ilipopita iliacha tundu katika kila pazia. Kwa kuyachunguza matundu hayo aliweza kufuata njia ya risasi hewani hatua kwa hatua. Tundu la duara lilimaanisha kuwa risasi ilikuwa inakwenda kwa ncha. Tundu refu lilikuwa ushahidi kwamba risasi imeanza kuyumba au kupinduka.

Katika miaka hiyo bunduki za jeshi hazikutumia ganda la shaba linalojulikana leo. Baruti na risasi vilifungwa pamoja ndani ya karatasi. Askari aliichana karatasi hiyo, akamimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, kisha akaisukuma risasi kwa ufito. Kwa hivyo, kuchagua kilichotiwa ndani ya bunduki kulikuwa na maana ya kuchagua mambo manne: kiasi cha baruti, uzito wa risasi, unene wake na urefu wake.

Mambo mawili kati ya hayo hakuyagusa. Risasi ya Enfield ilikuwa na uzito wa takriban gramu 34 na ilisukumwa na baruti ya takriban gramu nne na nusu. Whitworth alitumia uzito ule ule wa risasi na kiasi kile kile cha baruti. Alichobadilisha ni umbo. Alipunguza kipenyo cha tundu hadi inchi 0.451, yaani milimita 11 na nusu. Kwa kuwa risasi yake ilikuwa nyembamba lakini yenye uzito ule ule, ilibidi iwe ndefu. Urefu wa risasi ya Enfield haukufika mara mbili ya unene wake. Ya Whitworth ilifika mara tatu.

Sababu ya kufanya hivyo si ngumu kuielewa. Hewa huipinga risasi kwa mbele. Kadiri uso wake wa mbele unavyokuwa mdogo ikilinganishwa na uzito wake, ndivyo inavyopoteza kasi yake polepole zaidi. Risasi isiyopoteza kasi haraka hufika mapema, hushuka kidogo, na upepo wa pembeni hauna nafasi kubwa ya kuisukuma nje ya njia. Ni kama tofauti iliyopo kati ya mshale na jiwe la mviringo.

Lakini risasi ndefu ina tatizo lake. Mshale una manyoya ya kuunyoosha, ilhali risasi haina kitu isipokuwa mzunguko wake yenyewe. Ni kama pia ya mtoto: ikizunguka kwa kasi husimama wima, na mzunguko ukipungua huanza kulewalewa na kuanguka. Risasi ndefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi kuliko fupi. Mfuo wa Enfield uliopiga mzunguko mmoja katika inchi 78 haukutosha hata kidogo.

Whitworth alijaribu mitutu yenye misokoto ya kila namna, hadi ule wa mzunguko mmoja katika inchi moja tu. Hatimaye alichagua mzunguko mmoja katika inchi 20. Hapo likazuka tatizo jingine. Risasi ilikuwa ya madini laini ya risasi, na msokoto mkali ungeweza kuifanya iparuzwe na mifuo bila kuzunguka. Suluhisho lake lilikuwa kuacha kabisa mifuo ya kawaida. Alichonga tundu lenye pande sita, lililojisokota kutoka mwanzo wa mtutu hadi mdomoni, na kuitengenezea risasi yenye pande sita zilizokaa barabara ndani yake. Kwa fundi aliyezoea vipimo vya sehemu moja kwa milioni ya inchi, kazi hiyo haikuwa ndoto.

Ushindi uliokataliwa

Mwezi Aprili 1857 bunduki hizo mbili zilishindanishwa katika chuo cha jeshi cha kufunzia ulengaji shabaha huko Hythe, mbele ya Waziri wa Vita, Lord Panmure. Kwa umbali wa yadi 500, risasi za Enfield zilipotoka kwa wastani wa futi 2.24, ilhali za Whitworth zilipotoka futi 0.37 pekee, ambazo ni kama sentimita 11. Kwa yadi 800, Enfield ilipotoka zaidi ya futi nne na Whitworth futi moja. Kwa yadi 1,100, ambazo ni zaidi ya kilomita moja, Enfield ilipotoka futi nane na Whitworth futi 2.62. Kwa yadi 1,400 bunduki ya Enfield haikuandikiwa matokeo yoyote, lakini ya Whitworth iliendelea kupiga.

Ushindi ulikuwa wazi kama jua la mchana. Hata hivyo, jeshi liliikataa bunduki hiyo.

Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Kwanza, tundu lilionekana kuwa dogo mno kwa bunduki ya vita. Pili, baruti nyeusi ya wakati huo iliacha masizi mengi, na tundu jembamba la pande sita lilijaa masizi upesi hadi ikawa vigumu kuisukuma risasi ndani. Mpiga shabaha uwanjani ana muda wa kuusafisha mtutu baada ya kila mlio. Askari aliye katikati ya mapigano hana muda huo. Tatu, bunduki hiyo iligharimu mara kadhaa ya bei ya Enfield.

Whitworth aliyachukulia maamuzi hayo kama njama za watu wasiotaka kuelimishwa, na ugomvi wake na kamati za serikali ulidumu miaka mingi. Uchungu wake uliongezeka alipoona mshindani wake katika utengenezaji wa mizinga, William Armstrong, akipewa cheo na kandarasi za serikali. Ni kweli kwamba palikuwa na ukaidi jeshini. Hata hivyo, hoja ya masizi ilikuwa ya haki. Baadaye maelfu kadhaa ya bunduki za Whitworth zilipopewa askari wazijaribu, malalamiko yaliyorudi yalikuwa yale yale. Kilichokuwa bora kuliko vyote mbele ya shabaha hakikuwa lazima kiwe bora katika matope na moshi wa vita. Chombo huchaguliwa kwa kazi yake, na hapo ndipo fundi huyo hodari alipokosea hesabu.

Uwanja wa Wimbledon

Mahali palipomfaa ni uwanja wa mashindano. Chama cha Kitaifa cha Bunduki kilipoandaa mashindano yake ya 1860, kilihitaji bunduki iliyoweza kuaminika kwa masafa marefu. Bunduki za Whitworth zilichaguliwa kutumika katika awamu ya mwisho ya Tuzo ya Malkia, iliyopigwa kwa yadi 800, 900 na 1,000. Mshindi wa kwanza, Edward Ross, alikuwa bado kijana.

Kwa miaka kadhaa, aliyetaka kushinda kwa masafa marefu hakuwa na budi kufuata njia ya Whitworth. Watengenezaji wengine waliiga kipenyo chake cha inchi 0.451 na msokoto wake mkali, na mashindano yakawa maabara ya kila mwaka. Hapo ndipo ilipodhihirika ni sehemu gani ya uvumbuzi wake iliyokuwa kiini na ni ipi iliyokuwa pambo.

Aliyeitenga kiini hicho ni mhandisi mwingine Mwingereza, William Ellis Metford. Kuanzia 1865 Metford alitengeneza bunduki za mashindano zenye mifuo ya kina kifupi sana na risasi zilizofanywa ngumu kwa kuchanganywa na madini mengine. Risasi ngumu haikuparuzwa na msokoto mkali, kwa hivyo hapakuwa tena na haja ya pande sita, na kusafisha kukawa rahisi. Katika miaka ya 1870 bunduki za Metford zilitwaa nafasi ya Whitworth uwanjani. Pande sita zilisahaulika. Risasi ndefu na nyembamba iliyozungushwa kwa kasi ilibaki, na haijawahi kuondoka.

Damu ng'ambo ya bahari

Bunduki iliyokataliwa nyumbani ilipata wanunuzi kwingineko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka nchini Marekani mwaka wa 1861, majimbo ya Kusini, yaliyokuwa yakipigania kuendelea kumiliki watumwa, yaliingiza idadi ndogo ya bunduki za Whitworth kwa siri kupitia bandari zilizozingirwa na meli za Kaskazini. Zilikuwa ghali mno kuweza kupewa kila askari. Zilikabidhiwa walengaji hodari pekee, na baadhi zilifungwa darubini ubavuni.

Walengaji hao waliwasaka maafisa na wafyatuaji mizinga kutoka umbali ambao wahasiriwa walidhani kuwa ni salama. Askari wa Kaskazini walisimulia kuhusu mlio wa ajabu, kama mluzi, wa risasi yenye pande sita ikipita hewani. Mnamo Mei 9, 1864, karibu na Spotsylvania katika jimbo la Virginia, Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini alipigwa risasi chini ya jicho na kufa, muda mfupi baada ya kuwatuliza askari wake waliokuwa wakijikinga. Wanahistoria wengi huihusisha risasi hiyo na bunduki ya Whitworth.

Usahihi hauna dini wala upande. Vipimo vilivyochukuliwa kwa subira ndani ya jumba la Fallowfield vilimpa ushindi kijana wa Wimbledon, na hivyo hivyo vikamfikisha jenerali kaburini akiwatetea waliotaka umoja wa nchi yao. Whitworth mwenyewe aliendelea na kazi ya silaha, akatengeneza mizinga na chuma cha pua kilichokandamizwa kikiwa bado ni maji ili kisibaki na mapovu ya hewa ndani.

Hatimaye hata jeshi la Uingereza lilimkubalia kwa njia ya mzunguko. Bunduki ya Martini-Henry iliyoidhinishwa mwaka wa 1871 ilikuwa na tundu la inchi 0.450, karibu sawa kabisa na lile lililokuwa limekataliwa kwa kuwa dogo mno. Lakini ilipakiwa kutoka nyuma, kwa ganda la shaba, na mtutu wake haukuwa na umbo la Whitworth. Bunduki hizo zilifika hadi Afrika Mashariki mikononi mwa majeshi ya wakoloni, na wazee wengi wa nchi hizi waliionja nguvu ya kipenyo hicho bila kulijua jina la aliyekipima.

Mali kwa vijana

Katika nusu ya pili ya maisha yake Whitworth alielekeza utajiri wake katika elimu. Alikuwa ameona huko Marekani jinsi fundi mwenye masomo alivyoweza kuibadilisha kazi yake, na akasikitika kwamba nchini mwake mwenye kalamu na mwenye nyundo waliishi kama watu wa mataifa mawili. Mnamo 1868 alitoa fedha za kugharamia nafasi 30 za ufadhili, kila moja ikiwa na thamani ya pauni 100 kwa mwaka. Zilikusudiwa vijana walioweza kufaulu mitihani ya nadharia na pia kuonyesha ustadi wa mikono. Ufadhili huo unaobeba jina lake ungali unatolewa.

Mwaka wa 1869 alipewa cheo cha ubaroneti, na kuanzia hapo akaitwa Sir Joseph. Mkewe Fanny alifariki mwaka uliofuata, na mnamo 1871 akamwoa Mary Louisa Orrell. Wawili hao walihamia Darley Dale, Derbyshire, jimbo lile lile ambalo kijana wa pamba alilitoroka nusu karne awali. Hakujaliwa mtoto.

Afya yake ilipodhoofika alizoea kukimbilia kusini mwa Ulaya wakati wa baridi. Alifariki mjini Monte Carlo Januari 22, 1887, akiwa na umri wa miaka 83, na akazikwa Darley Dale. Sehemu kubwa ya mali yake iliachiwa elimu na huduma za jamii. Jumba la sanaa la Whitworth mjini Manchester, lililoasisiwa 1889, ni mojawapo ya matunda ya wosia huo.

Urithi usioonekana

Mashindano aliyoyafungulia njia yalihama Wimbledon na kwenda Bisley mwaka wa 1890, ambako hufanyika kila mwaka, na wapiga shabaha kutoka Kenya wamewahi kushiriki. Tuzo kuu huitwa ya Malkia au ya Mfalme kulingana na anayetawala, na fainali yake hupigwa kwa yadi 900 na 1,000.

Anayejiandaa kwa mashindano ya masafa marefu siku hizi hukutana na orodha ndefu ya risasi za kuchagua. Mgeni wa mchezo huu hudhani kuwa iliyo kubwa na yenye baruti nyingi ndiyo itakayofika mbali. Wazoefu huchagua kwa njia nyingine. Wengi hutumia risasi za kipenyo cha milimita 6 hadi 7, ndefu na zenye ncha kali, katika mitutu yenye mzunguko mmoja kwa takriban kila inchi nane. Risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyozinduliwa mwaka wa 2007 kwa ajili ya mashindano, iliundwa kwa msingi huo. Haina kishindo cha kumchosha mlengaji, lakini huhifadhi kasi yake na kuushinda upepo kuliko nyingi zilizo nene. Na mtutu usiolingana na urefu wa risasi huiyumbisha leo kama ulivyoiyumbisha mbele ya mapazia ya karatasi mwaka wa 1855.

Upo pia urithi ulio karibu zaidi na wananchi wa kawaida. Uzi wa mabomba ya maji unaofuata vipimo vya Uingereza, ambao mafundi wa mabomba nchini Kenya huukaza kila siku, bado una pembe ya digrii 55 aliyoipendekeza Whitworth mnamo 1841. Bomba kutoka kiwanda kimoja huingia kwenye mfereji kutoka kiwanda kingine bila maji kuvuja, na hakuna anayeuliza ni kwa nini vinalingana.